Tulivyomzika Meya wa Kule

Vijana wa ofisini wameniomba niandike. Siku ya kuniaga walileta keki na kitenge, wakahutubia kwa zamu, kisha yule binti anayeshika barua sasa akaninong'oneza: "Mama Nabwire, hiyo vitu yote iko kichwani usiende nayo nyumbani. Utuachie kidogo." Hizo ni wiki saba zilizopita. Wiki ya kwanza nililala. Ya pili nilipalilia muhogo. Ya tatu mume wangu aliniuliza kwa upole kama hakuna mahali ninapongojewa. Basi naandika.

Kazi yangu ilikuwa undugu. Kwa miaka ishirini na mitatu nimelipwa ili miji isiyofahamiana iitane dada, na asiyecheka anapoisikia kazi hiyo mara ya kwanza hafai kuajiriwa. Mambo huenda hivi: mji mmoja unauandikia mwingine kwamba unataka undugu; ule mwingine unajibu kwamba nao umeutamani siku zote; mameya wanapigwa picha wameshikana mikono; halafu anatafutwa mtu wa kujibu barua. Mtu huyo nilikuwa mimi. Habari za vyeo nitaziruka. Vilikuwa viwili, na tofauti yake ilikuwa kiti chenye magurudumu.

Siku ya kwanza nilifika kabla ya saa mbili, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Sofia, Busia upande wa Uganda. Ilifunguliwa na kamati ya pamoja: sisi wa Busia, wenzetu wa Tororo, na wale wa Busia ya Kenya walio ng'ambo ya barabara tu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa muuza samaki wa Majanji, na sifa yangu kubwa ilikuwa kuandika barua ya Kiingereza bila kumuudhi mtu. Ndani nilimkuta Mzee Oketcho, Mjopadhola wa Tororo, mrefu, mkavu, amevaa suti ya kijivu. Alikuwa karani wa reli pale makutano ya Tororo mpaka treni zilipoadimika, ndipo akaletwa kwetu, nadhani kwa kuwa alikwisha zoea kungoja vitu vinavyotoka mbali.

Hakunipa meza. Alinipa ufunguo wa kabati.

"Fungua," akasema. "Angalia vizuri."

Mlikuwa na sahani za kioo, makanisa madogo ya bati, tai za shingoni kumi na moja, dubu wa mbao, na vibao vya shaba vyenye majina ya mameya ambao hata kwao wamekwisha sahauliwa.

"Hii yote walileta wageni," akasema. "Sasa wewe niambie, sisi tuliwapa nini?"

Nikasema sijui, Mzee.

"Kikapu. Kila nyumba ya meya huko iko na kikapu ya Buteba hapa jirani, na hakuna mtu najua ataweka nini ndani. Funga kabati, nyara. Zawadi si kazi."

Nyara kwa Kidhopadhola ni binti yangu. Aliniita hivyo tangu saa ile ya kwanza, na nilipokosea aliniita Madam.

Masomo yake sikuyaandika wakati ule, nayaandika sasa. Bendera ndogo za mezani zikaguliwe asubuhi, zikaguliwe tena wageni wakiwa mlangoni, maana kuna siku tulimkaribisha mgeni kwa bendera ya jirani wasiyepatana naye. Usimwahidi mtu kisima. Mgeni akisema anataka kuona maisha halisi, mpeleke sokoni kabla ya saa nne, kabla jua halijamwonyesha mengi kuliko alivyoomba. Hotuba ikifika ukurasa wa tatu, chai iletwe bila kuuliza; hakuna meya aliyewahi kuishinda harufu ya chapati. Na kabla ya kutia saini chochote, muulize mgeni ni nani kwao atakayejibu barua. Akikutazama kwa mshangao, weka kalamu chini.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa kuifanya Busia iwe dada wa Busia. Miji miwili yenye jina moja, ambako mtu huoa ng'ambo na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani kwake, ilihitaji vikao kumi na kimoja ili kukubaliana kwamba inafahamiana. Kikao cha nne kilivunjika kwa ajili ya nani atakaa kulia. Hapo ndipo nilipomjua Barasa, mwakilishi wa upande wa Kenya, wakati huo kijana, mwenye sauti ya mnada. Tulikuwa nje tukingoja wakubwa wapoe.

"Mama, hii sasa ni noma," akaniambia. "Bibi yangu ametoka kwenu, shamba ya buda yangu iko kwenu, na bado tunatafuta mtu wa kutujulisha?"

Nilimwambia avumilie, serikali haiwezi kujua jambo kabla halijaandikwa. Tulitia saini mwezi uliofuata, kila upande na kalamu yake.

Dada yetu wa mbali alikuwa mji mdogo wa Ulaya ya kaskazini. Jina lake siliandiki, kwa sababu wenyewe husoma kila kitu na hujibu. Ofisini tuliuita Kule, na hapa utaitwa hivyo hivyo. Meya wao aliitwa Henrik. Alikuwa fundi bomba kabla ya siasa, mtu mkubwa wa mwili, na alikuwa na kicheko cha kutikisa vikombe. Kabla hajafika mara ya kwanza alitanguliza zawadi. Walikuwa wamesoma Kule kwamba bodaboda zilizaliwa hapa mpakani, enzi za baiskeli, wakaona huruma, wakatuma maboksi ya helmeti za baiskeli. Zilipofika, vijana wengi walikuwa wamekwisha hamia pikipiki. Tena tulipofungua maboksi tukakuta zote ni za watoto.

Mzee Oketcho alizigawa kimya kimya, tukaandika barua ya shukrani, tukasahau. Kisha Henrik akaja, na siku ya pili akaomba kuliona ziwa. Tulipokaribia Majanji nikakumbuka. Akina mama wa pale walikuwa wamezipenda zile helmeti mno. Zilikuwa na ukubwa sawa, hazivunjiki, na matundu yake hupitisha mchanga. Walizipimia mukene, wale samaki wadogo wa kukausha. Mwalo mzima, kila turubai la samaki, helmeti ya rangi.

Henrik alisimama akatazama. Mzee Oketcho alitazama mawingu. Mama mdogo wangu, aliyekuwa mbele yetu kabisa, hakujua kwamba kuna kesi.

"Mzungu, karibu mukene. Nakupimia ya kujaza ama ya kusawazisha?"

Nilitafsiri, ningefanya nini. Henrik akauliza tofauti yake, akaelezwa, akasema ya kujaza. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, na akina mama nao wakacheka bila kujua wanachekea nini. Ripoti aliyoiandikia baraza lake niliiona baadaye. Ilisema helmeti zote zinatumika kila siku. Tangu hapo nilimpenda yule mtu, na barua zake nilizijibu siku ile ile.

Alikuja mara nyingi baada ya hapo. Safari yake ya nne ndiyo inayohusu habari hii. Asubuhi tuliyopanga kutia saini mkataba mwingine, Tororo wakapiga simu: mama yake Mzee Oketcho amefariki. Nilifuta ratiba yote, nikamwambia Henrik apumzike hotelini, nitamtafutia kitabu. Akaniuliza mazishi ni lini. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja siku ya tatu na tai shingoni, akangoja sala ziishe, na vijana walipoanza kurudisha udongo akamwomba mmoja koleo. Alijua kushika koleo. Alifanya kazi mpaka shati likamgandia mgongoni, na wazee wa Tororo wakaacha kunong'ona.

Baada ya kazi Mzee alimshika mkono mbele ya watu wote. "Henrik, wewe umezika mama yangu. Siku yako mimi nakuja. Nakuja tu."

Nilipotafsiri, Henrik alicheka akasema ni mbali na kuna baridi. Mzee Oketcho hakucheka. Alikuwa ameahidi mbele ya ukoo.

Miaka ikaenda. Mzee alistaafu, kwa maana kwamba aliacha kulipwa. Kila Jumatatu alipanda gari kutoka Tororo akaja kukagua bendera. Ilikuwa Jumatatu kama hizo barua pepe ilipoingia kutoka Kule, mistari mitatu. Henrik amefariki ghafla. Ataagwa kwa utulivu na watu wachache wa karibu. Tafadhali msitume maua.

Niliisomea kamati nzima. Mzee akauliza, "Wachache ni ngapi?"

"Labda ishirini, Mzee."

"Meya?"

"Mazee, hata mwizi wa kuku hapa mtaani anazikwa na watu mia mbili," Barasa akasema. "Kwani huyu jamaa aliwakosea nini?"

Hamtaelewa kilichofuata msipoelewa hili: kwetu anayezikwa kimya kimya ni mtu aliyefanya jambo lisilotajika. Hakuna aliyedhani kwamba watu wanaweza kupenda hivyo. Kamati iliwahurumia. Iliamua kwamba dada yetu amepungukiwa na waombolezaji, na kwamba ni wajibu wetu kwenda kujaza viti. Mimi ndiye niliyesoma barua zao miaka yote ile, na nilijua vizuri kwamba Kule "wachache" si ombi la msaada. Nilinyamaza. Naungama hapa kwamba nilinyamaza kwa sababu na mimi nilitaka kwenda. Henrik alikuwa rafiki yangu, na nilitaka kumlilia mahali panapostahili.

Tulichaguliwa saba. Ubalozi ukakubali wawili, Mzee na mimi. Barasa aliulizwa atafanya nini Kule siku sita, akajibu ukweli, kwamba atakaa msibani, wakaona ni mtu wa kutiliwa shaka. Viza zilipotoka, Henrik alikuwa amekwisha agwa wiki mbili nyuma.

"Haidhuru," Mzee akasema. "Kaburi haiendi mahali."

Mjane wake, Karin, alitufungulia mlango akiwa na glavu ya jikoni mkononi. Nilikuwa nimemwandikia mara nne kwamba tunakuja. Alidhani ni adabu tu. Alitupa kahawa, akatupa keki, akatuonyesha picha ya Henrik amekaa kwenye mtumbwi Majanji. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, macho yamemvimba. Mzee alikunywa kahawa yake yote, kisha akaniambia nimwombe atupeleke alipo mzee mwenzake.

Alituendesha mpaka kwenye makaburi nje ya mji, na pale akatuonyesha uwanja wa nyasi. Nyasi nzuri, zimekatwa sawasawa. Hapakuwa na jiwe, msalaba wala jina. Karin akaeleza taratibu, nami nikawa natafsiri huku nikitamani kuwa mahali pengine. Henrik alichomwa, kama alivyotaka mwenyewe. Majivu yalizikwa humo na wafanyakazi wa makaburi. Familia haihudhurii, wala haiambiwi ni sehemu gani. Wengi huchagua hivyo, ili asiwepo mtu wa kusumbuka na kaburi.

"Muulize iko upande gani," Mzee akasema.

"Anasema hajui, Mzee."

"Bibi yake hajui?"

"Hakuna anayeambiwa."

Mzee Oketcho aliziangalia zile nyasi muda mrefu. Karin alikuwa ametangulia katikati, anatungoja. Mzee hakuinua mguu.

"Nyara," akasema polepole, "sasa mimi nakanyaga nani?"

Tulizunguka ule uwanja kwa nje, tukarudi garini.

Kesho yake tulipokelewa na meya mpya, Bi Lisbet, kwa dakika ishirini. Alikuwa naibu wa Henrik, mwanamke wa makamo, nadhifu, mwenye haraka. Hakuwa na ubaya wowote. Alitwambia kwamba undugu huu Henrik aliubeba mgongoni mwake, na sasa baraza linapitia upya mambo yote ya namna hiyo. Akauliza kwa sasa kuna shughuli gani hasa kati ya miji yetu.

"Mwambie tumekuja kuzika," Mzee akasema.

Nikamwambia. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi husoma maandishi yaliyogeuka juu chini, ni ustadi wa kazi hii, jifunzeni. Aliandika kwa lugha ya kwao, niliyojifunza kwenye barua zao: ziara binafsi.

Tuliporudi, Mzee akaacha kuja Jumatatu. Wiki ya kwanza tulisema ni uchovu, ya pili tukasema ni mvua. Mwezi wa pili nikaenda Tororo mwenyewe. Nilimkuta kwake ameketi uani, mwamba wa Tororo uko nyuma ya nyumba yake, migomba imepakwa vumbi jeupe la kiwanda cha saruji. Alikuwa amekonda. Mkewe aliniambia hali chakula, halali usiku, na ukoo umeanza kumuuliza ile ahadi iliishaje.

"Nilisema mbele ya watu," akaniambia. "Nimekwenda, na sikuona hata shimo. Henrik iko tu huko, kama mtu ya maji."

Mtu wa maji ni aliyezama. Hapo ndipo nilipokumbuka kwetu. Majanji, ziwa likimchukua mtu na kukataa kumrudisha, ukoo hungoja siku zake, kisha hukata mgomba wa urefu wake, wakauvika sanda, wakauzika kwa sala na matanga kamili. Bila hivyo msiba haufungiki na walio hai hawapati usingizi. Nilimweleza Mzee nikiogopa ataniita Madam.

"Lakini hii ni mzungu," akasema.

"Ziwa halijawahi kumuuliza mtu kabila lake, Mzee."

Usiku ule alikula. Mkewe ndiye aliyenipigia simu kuniambia.

Kazi ikaanza, na naiweka katika kesi ngumu kuliko zote. Katekista alikataa kusalia mgomba. Mzee akamjibu kwamba hasalii mgomba, anamsalia Henrik. Mgomba unashika nafasi tu, kama naibu meya. Katekista akaomba siku mbili afikiri, akarudi amekubali, ila akataka mgomba usitajwe kwenye programu. Kisha ikabaki barua ya Karin. Nimeandika barua nyingi ngumu, hata ya kukataa kwa heshima mtambo wa kusafisha maji ambao ungehitaji umeme wa mji mzima. Hii ilinichukua siku tatu. Nilimweleza kila kitu, sikupamba, nikamwomba ruhusa. Jibu lake lilikuja asubuhi iliyofuata. "Alikuwa na mita moja na sentimita themanini na saba," aliandika. "Tafadhali msimpunguze."

Hatukumpunguza. Watu wa Buteba walileta mgomba mrefu kuliko tulivyohitaji, fundi akaukata kwa kipimo. Siku ya mazishi walikuja nyumbani kwa Mzee Wajopadhola wa Tororo, Wasamia wa ziwani, Wateso wa Buteba, na kutoka Busia ya Kenya basi zima aliloleta Barasa, ambaye alishika spika na hakuiachia. Bodaboda walisindikiza jeneza kwa honi. Waheshimiwa wawili walifika bila kualikwa, wakauliza pembeni ni nani anayezikwa, kisha kila mmoja akamsifu kwa nusu saa kama rafiki wa utotoni. Mzee Oketcho alikuwa amepangiwa hotuba, lakini alipoitwa alitikisa kichwa, akachukua koleo. Alikuwa na miaka sabini na minne. Alirudisha udongo mpaka wanawe wakamnyang'anya kwa nguvu. Nililia siku ile hadi sauti ikakauka, na sioni haya kuliandika.

Jumatatu iliyofuata alikuwa ofisini, akakuta bendera moja imepinda, akanigombeza.

Miezi minne baadaye ikaja barua ya Bi Lisbet. Ilikuwa ya adabu sana. Baraza limeamua kuhitimisha undugu kwa kukosa shughuli. Kwa kuwa yeye mwenyewe angehudhuria mkutano Kisumu, angepitia kwetu kwa saa chache na kutukabidhi kibao cha kumbukumbu. Kibao cha kuacha kuwa dada! Ninyi mnaojibu barua za Kule kila mwezi mnajua kwamba undugu haukufungwa, ila hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa nini. Sikubishana naye. Nilimjibu kwamba anakaribishwa, na kwamba kwa utaratibu wetu mgeni rasmi kutoka Kule huanzia kwenye kaburi la Henrik, lililoko Tororo. Akajibu haraka kwamba lazima kuna makosa, Henrik yuko kwao. Nikamwandikia kwamba yuko kwao na yuko kwetu pia, na kwamba gari litamchukua saa tatu.

Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Barasa alimleta kutoka Kisumu, akamvusha mpaka, akanipitia Sofia, na njia nzima mpaka Tororo akamweleza mila zetu kwa Kiingereza chake cha kasi, nyingi akizibuni. Bi Lisbet alikuwa amevaa sketi nyeusi, mkoba begani, kibao mapajani kikiwa kimefungwa kwa karatasi. Aliniuliza mara mbili kama ndege ya jioni haitamwacha. Nikasema tutajitahidi.

Mzee Oketcho alitungoja langoni kwake na ile suti ya kijivu. Bi Lisbet akanyoosha mkono. Mzee hakuupokea.

Ikabidi nieleze. Asiyekuwepo kwenye mazishi, akija, hasalimu mtu. Haketi, hanywi chai wala maji. Huenda moja kwa moja kaburini akalia, kwa sauti, ndipo huwa ameingia nyumbani. Si kitu cha kuigiza, watu husikia.

Aliliangalia kaburi. Lilikuwa hatua chache kutoka langoni, limesakafiwa kwa saruji ya Tororo, jina la Henrik limeandikwa kwa msumari kabla saruji haijakauka. Nadhani hakutarajia kwamba lingekuwa kaburi kweli.

"Siwezi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nilifanya naye kazi tu. Sikumjua kiasi hicho. Ingekuwa uongo."

Nilimtafsiria Mzee neno kwa neno. Nilidhani atakasirika.

"Hakuna neno," Mzee akasema. "Kwani hapa watu walilia Henrik peke yake? Kila mtu alilia yake. Mwambie alilie wake."

Nikamwambia.

Wake wa wana wa Mzee walikuwa wametoka jikoni, wanangoja. Barasa alivua kofia. Bi Lisbet akaweka kile kibao chini kwenye nyasi, akaweka na mkoba, akasogea mpaka kwenye saruji. Kwanza alikohoa, kama mtu anayetaka kuhutubia. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka, akapiga magoti na sketi yake kwenye vumbi, na sauti iliyomtoka sikudhani yule mtu nadhifu anayo. Alikuwa akiita jina. Halikuwa la Henrik. Lilikuwa jina fupi, la kuitia mtoto, na alilirudia na kulirudia, na katikati yake akawa anamweleza huyo mtu jambo kwa lugha ya kwao.

Mzee Oketcho alilaza fimbo yake chini, akapiga magoti kando yake.

"Mama Nabwire," Barasa akaninong'oneza, "anasema nini?"

Lugha ile nimeisoma miaka ishirini. Nilielewa kila neno, na sikutafsiri.